Mvuvi wa likizo achague lipi: Chala, Jipe au Nyumba ya Mungu?

Na Mwandishi Wetu, Moshi

MKAZI wa Moshi anayetaka kutumia siku mbili tatu za likizo akiwa na mshipi mkononi, mbali na kelele za mji, hana haja ya kusafiri hadi Mwanza. Yako maji matatu yanayofikika kwa gari kwa saa chache tu: Ziwa Chala lililoko Rombo, Ziwa Jipe lililoko Mwanga, na Bwawa la Nyumba ya Mungu linalopakana na wilaya za Mwanga, Moshi Vijijini na Simanjiro. Yote hupata maji yake, au sehemu ya maji hayo, kutoka Mlima Kilimanjaro. Hata hivyo hayafanani, na anayechagua kwa kutazama picha tu anaweza kujuta.

Wengi huvutiwa kwanza na Chala, na sababu inaeleweka. Ziwa hilo limo ndani ya shimo la volkano kaskazini mwa Holili, limezungukwa na kuta zenye mteremko mkali, na maji yake ya buluu yana kina cha zaidi ya meta 90. Hakuna mto mkubwa unaoonekana ukiingia humo. Mvua inayonyesha katika misitu ya Kilimanjaro huzama ardhini, hupita chini kwa chini katika miamba ya volkano, kisha huibukia ziwani. Tope lililotulia humo tabaka juu ya tabaka ndilo lililowaleta wanasayansi mwaka 2016 kulichimba, ili kusoma historia ya hali ya hewa ya ukanda huu.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni habari ya samaki wa hapo. Perege wa asili wa Chala, ambaye wataalamu humwita Oreochromis hunteri, hana makao mengine ya asili duniani. Alipoelezwa kitaalamu mwaka 1889, ndiye aliyekuwa msingi wa jina Oreochromis, ambalo sehemu yake ya kwanza ina maana ya mlima. Jina hilo leo hutumika pia kwa sato anayefugwa mabwawani kuanzia Afrika hadi China. Samaki huyo aliyewapa wenzake jina la mlima sasa yumo katika orodha ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Anaishi pamoja na perege wengine waliopandikizwa ziwani na binadamu, na kwa mtu asiye mtaalamu si rahisi kuwatofautisha. Mvuvi wa likizo hawezi kuwa na hakika ni yupi aliyemtia kwenye ndoo.

Kuna pia suala la usalama. Mwaka 2002 msichana wa Kiingereza aliyekuwa akiogelea upande wa Kenya aliuawa na mamba ziwani humo. Isitoshe, kina kirefu huanza karibu kabisa na ukingo, na mpaka wa nchi mbili unapita katikati ya maji. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, Chala ni mahali pa kwenda kutazama. Ndoano ibaki nyumbani.

Jipe ni kinyume chake. Kina chake hakifiki meta 3, na sehemu kubwa ya kingo zake imezibwa na mafunjo na matete, kiasi kwamba bila mtumbwi na mwenyeji anayezijua njia hufiki kwenye maji ya wazi. Viboko ni wengi. Perege wake wa asili naye yumo katika orodha ile ile ya IUCN, na sehemu ya ufuko wa upande wa Kenya imo ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Wapenda ndege watafurahi huko kuliko wavuvi.

Linabaki Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa katikati ya miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme, mahali ambapo maji ya Kikuletwa na Ruvu hukutana. Halina uzuri wa Chala. Nchi yake ni kavu, jua ni kali na vumbi ni jingi. Lakini perege na kambale wapo, na vijiji vya wavuvi kama Lang'ata vina mitumbwi. Mtumbwi ukodishwe pamoja na mwenyewe, kwa kuwa mamba wamo humu pia na upepo unaweza kuchafua maji ghafla.

Mgeni akumbuke kwamba hapa samaki ni mkate wa watu. Uvuvi ulizidi hadi Serikali ikausimamisha mwaka 2016 ili samaki wazaliane. Kwa hiyo, kabla ya kufunga safari, ulizia kwa Ofisa Uvuvi wa wilaya kama bwawa liko wazi na ni kibali gani kinachohitajika chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Perege mdogo arudishwe majini akiwa hai.

Chambo hakina gharama. Nyungunyungu waliochimbwa chini ya migomba ya kihambani humfaa kambale, na perege hujaribiwa kwa tonge dogo la ugali mgumu. Siku ikiisha ndoo ikiwa tupu, wavuvi huuza samaki wao ufukweni, na huko nyumbani si lazima mtu aulizwe amewapataje.