Mwacheni mtoto alipangue gari lake

Katika sebule ya kaka yangu mkubwa, hapa Mombasa, limo kabati la vioo ambamo huwekwa vitu visivyoguswa: bilauri za harusi yake, seti ya kahawa iliyotoka Muskati na, tangu mwaka jana, gari. Ni gari la Lego, la aina ile iitwayo Technic, lenye vipande elfu moja na ushei, ambalo dada yetu aishiye Ujerumani alimletea mtoto wa kaka. Kijana huyo wa miaka 12 alilijenga kwa siku 19, kila jioni baada ya chuo na kazi za shule, na alipolimaliza nyumba nzima iliitwa kulitazama. Usukani ukizungushwa, magurudumu hupinda. Likisukumwa, pistoni hupanda na kushuka ndani ya injini. Tulipokwisha kustaajabu, baba yake alilitia kabatini na kulifungia kwa ufunguo.

Mwezi uliopita kijana alinifuata barazani. "Shikamoo, ami," alisema, kisha akaninong'oneza haja yake: nimwombee ruhusa kwa babake. Ruhusa ya nini? Ya kulipangua gari lote hadi kipande cha mwisho, na kulijenga upya. Nilipolifikisha ombi hilo, kaka alinitazama kama mtu aliyeombwa ruhusa ya kuezua paa la nyumba.

"Amekwisha kulijenga," alisema. "Sasa analivunjia nini?"

Swali hilo ndilo ninalotaka kulijibu leo, maana nina hakika haliulizwi katika nyumba ya kaka yangu pekee.

Kwanza ni suala la lugha. Kaka alisema kuvunja. Kijana alisema kupangua. Haya si maneno mawili ya jambo moja. Mswahili hufuma na kufumua, hukunja na kukunjua, hufunga na kufungua, hupanga na kupangua. Mzizi ni uleule, na sauti moja ndogo tu huigeuza kazi ikarudi ilikotoka. Kuvunja hakuna mwenzake wa namna hiyo. Kilichovunjika huungwa, na kovu lake hubaki. Mshona kofia aliyekosea ua moja akaamua kuufumua mstari mzima, hakuna asemaye kwamba ameiharibu kofia.

Isitoshe, vitu vyenyewe vilibuniwa makusudi ili vipanguliwe. Frank Hornby wa Liverpool hakuwa mhandisi bali karani wa hesabu katika kampuni iliyoagiza nyama kutoka nje. Alipokuwa akiwatengenezea wanawe vidude vya bati, alitambua kwamba kipande kilichokatwa kwa ajili ya kidude kimoja chaweza kufaa kwa vingine vingi, maadamu matundu yake yameachana kwa kipimo kisichobadilika. Akayaweka nusu inchi, akafanya nati na skrubu ziwe za namna moja, na mwaka 1901 akapewa hataza. Hiyo ndiyo Meccano, jina lililoanza kutumika mwaka 1907. Anayedhani ni mchezo wa kitoto na akumbuke kwamba mwaka 1934, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Profesa Douglas Hartree na mwanafunzi wake Arthur Porter waliunda kwa vipande vya Meccano, kwa gharama ya takriban pauni 20, mashine ya kukokotoa milinganyo iliyokuwa ikiwachosha watu kwa kalamu na karatasi. Kisha ikajengwa kubwa, ya chuma halisi.

Nayo Lego ilianzia katika karakana ya seremala, Ole Kirk Christiansen, katika kijiji cha Billund nchini Denmark, ambaye mwaka 1932 aligeukia kuchonga vitu vya kuchezea kwa mbao. Matofali yake ya kwanza ya plastiki, ya mwaka 1949, yalikuwa matupu kwa ndani na hayakushikana vyema. Ni mwanawe, Godtfred, aliyewasilisha ombi la hataza tarehe 28 Januari 1958 kwa tofali lenye mirija midogo tumboni, na tofali la mwaka huo bado hunasa vizuri juu ya tofali lililotoka kiwandani juzi. Watu wengi husifu jinsi vipande hivi vinavyoshikana. Mimi nasifu zaidi jinsi vinavyoachana. Gundi hushikanisha, na msumari hushikanisha. Lakini kitu kinachoshika imara mara mia, kisha mara mia kikaachia mkononi mwa mtoto bila kuumia, hicho kilihitaji vipimo vilivyo vyembamba kuliko unywele.

Sisi tuliolelewa na magari ya waya twalijua hilo kwa njia ya uchungu. Waya wa gari lako ulikuwa umetoka katika ua wa mtu, magurudumu yalikuwa vizibo vya soda au soli za ndara zilizokatwa duara, na kwa kuwa waya ulikuwa adimu, lori la wiki hii lilikuwa ndilo trekta la wiki ijayo. Tulipangua bila kuombwa wala kukatazwa. Ila waya hukumbuka. Mahali ulipoukunja mara ya kwanza hapanyooki tena sawasawa, na ukipakunja mara ya tatu au ya nne, hukatika. Gari la kwanza likawa refu, la pili fupi, la tatu likawa pikipiki!

Hata hivyo, ukitaka kujua kwa nini nimelivalia njuga jambo hili, inanipasa nikupeleke nyuma zaidi. Nilipokuwa na umri kama wa kijana huyu niliifungua redio ya marehemu baba. Ndiyo iliyokuwa redio ya pekee nyumbani. Nilitaka kujua ni nini kilichokuwa kikitembea huko ndani kila nilipozungusha kifundo cha stesheni. Nikauona: uzi mwembamba, uliozungushwa juu ya vigurudumu viwili, ukiuvuta mshale mwekundu mbele na nyuma. Nikauvuta kwa kidole, ukachomoka. Redio haikunyamaza. Iliendelea kusema kama kawaida, ila mshale haukusogea tena, na kwa miaka sita baba alitafuta taarifa ya habari kwa kubahatisha.

Nilipata bakora zangu, wala simlaumu mzee. Redio ilikuwa mali. Kilichobaki moyoni si bakora. Ni kwamba hakuna hata mmoja, si baba, si fundi, aliyeketi nami akanionyesha jinsi uzi ule unavyorudishwa. Kifuniko kilirudishwa, skrubu zikakazwa, na nikafundishwa kwamba ndani ya vitu hamwingiliki. Leo nina mvi, na taa ikizimika nyumbani mwangu namwita kijana wa jirani aje atazame fyuzi.

Kwa sababu hiyo nilimbana kaka, na baada ya majuma mawili akakubali kwa sharti moja: kipande kikipotea, mimi ndiye nitakayemweleza dada.

Tulitandika mkeka siku ya Jumamosi. Nilidhani kazi itakuwa ya dakika chache, kwani kubomoa ni rahisi, au sivyo? La hasha! Kijana alinizuia mkono mara ya kwanza nilipolishika gari. Alitaka kwenda kinyume cha kijitabu, hatua ya mwisho kwanza. Kijitabu hicho hakina maelezo. Ni michoro mitupu, na ukikifuata utafika, uelewe usielewe. Hapo ndipo nilipoanza kuuona ukweli wa mambo. Alipolijenga mara ya kwanza alikuwa akitii tu. Alichomeka gia ya meno manane hapa na ya meno ishirini na manne pale kwa kuwa mchoro ulisema hivyo, na alipojua zilikuwa za kazi gani zilikuwa zimekwisha kuzikwa chini ya viti na bodi. Sasa alizijia akijua zifanyavyo kazi, akitafuta sababu. Katika kujenga mkono ulitangulia akili. Katika kupangua akili ilitangulia, na mkono ukafuata polepole.

Tulipofika ekseli ya nyuma alisimama. Katikati ya magurudumu mawili palikuwa na kikapu kidogo chenye gia tatu ndani. "Ami, shika hapa, usiache pazunguke," aliniambia, akanishikisha fimbo itokayo kwenye injini. Akalizungusha gurudumu la kushoto kwenda mbele. La kulia likaenda nyuma. Akanitaka niachie fimbo, akalishika la kulia na kuizungusha fimbo. La kushoto likaenda mbio maradufu. Hiyo ni difu, kama waiitavyo mafundi. Gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na bila ya difu moja lingeburutwa. Nimepanda matatu maisha yangu yote. Nimeshuka mara nyingi kuisukuma wakati wa masika, nikashangaa kwa nini gurudumu moja huchapa tope na kuturushia usoni ilhali lenzake limetulia tuli kama halihusiki. Nilikuja kulijua jibu nikiwa nimeketi mkekani, kwa kushika fimbo ya plastiki.

Kuna na jambo jingine ambalo kabati lisingelifichua kamwe. Gari hili tangu mwanzo lilikuwa zito kusukuma, nasi tulidhani ndiyo tabia yake. Tulipofika chini kabisa, kijana aliona kwamba kijipete kinachoizuia ekseli isichomoke alikuwa amekisukuma mno hadi kikaukumbatia ukuta, hivyo ekseli ikasuguana kila ilipozunguka. Palitakiwa nafasi ya unywele tu. Kosa hilo lilikaa chini ya kazi ya siku 15, likipongezwa na wageni.

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya kupanga vipande. Mimi nilivitenga kwa rangi, vyekundu huku, vyeusi kule, nikajiona hodari. Kijana aliviangalia vilima vyangu kwa huruma. Yeye huvitenga kwa umbo, na hoja yake ni madhubuti: kipande chekundu kilicho kati ya vinavyofanana naye kwa umbo jicho hukiona mara moja, lakini pini ndogo nyeusi iliyo katika lundo la vitu vyeusi itakukesheza. Nilisalimu amri, nikavimwaga vilima vyangu.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa wenye nacho. Ni kweli, vitu hivi ni ghali, na lau si dada yetu nyumba ya kaka isingekuwa navyo. Lakini saa ya mezani iliyokufa si ghali. Taa ya baiskeli iliyokataa kuwaka, cherehani ya nyanya iliyokwama, hata redio ambayo hakuna fundi anayeitaka, vyote vina skrubu. Tunachowanyima watoto wengi zaidi ni idhini. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika shuleni mwaka 2019 wazazi tumeshinda usiku tukikata makatoni ili mtoto apeleke mfano wa nyumba au gari. Kikitiwa alama kinatupwa. Sijasikia mtoto akiambiwa akirudishe nyumbani, akifungue, atazame mahali gundi yetu ilipomsaliti.

Turudi mkekani. Saa mbili ya usiku kaka alirejea, akasimama mlangoni na viatu vyake miguuni. Kabati lilikuwa wazi na gari halikuwapo. Palikuwa na sinia, mabakuli na vifuniko vya sufuria vilivyojaa vipande. Hakusema neno. Kaka yangu ameendesha malori kati ya Mombasa na Malaba kwa zaidi ya miaka 30. Amekesha njiani kwa ajili ya difu iliyokatika meno, ameilipia mara ngapi sijui, ameisikia ikilia kabla hata fundi hajaisikia. Mwanawe aliinyanyua ile ekseli ya nyuma, akampa.

"Baba, shika fimbo hii."

Akaishika. Gurudumu moja likaenda mbele na jingine nyuma. Akalirudia jambo hilo mara tatu, nne, kisha akavua viatu akaketi. Dereva wa miaka 30 alikuwa hajapata kuiona ikizunguka wazi. Gereji alikuwa akionyeshwa chuma kilichovunjika ndani ya grisi, pamoja na bei. Alitaka kujua kwa nini gia za kati ni tatu na si mbili. Kijana alimweleza, naye akabisha, wakaendelea hivyo hadi shemeji alipokuja kuuliza kama mkeka wake utarudi usiku ule.

Haukurudi. Gari nalo halijarudi. Vipande vile sasa ni winchi kama zile za bandarini Kilindini, iliyojengwa bila kijitabu, nayo huinamia kushoto ikinyanyua kitu kizito kuliko chungwa. Imekwisha kupanguliwa mara mbili ili ugonjwa huo utafutwe. Pini mbili hazionekani, na nimeambiwa nisihamishe zulia hadi zipatikane. Dada yetu atafika kwa Idi, na kaka ameagiza kwamba siku hiyo gari liwe limerudi kabatini, likiwa jepesi kusukuma.