Dereva na Kamba ya Turubai

Somo letu la leo ni juu ya afya ya dereva wa lori la safari ndefu. Usifunge kitabu ukisema, "Mimi si dereva." Huenda mumeo ni dereva, au mwanao ni utingo, au wewe ndiwe mama lishe unayempakulia chakula.

Twende Kariakoo. Jina hili limetokana na maneno ya Kiingereza yaliyotaja kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi wale walitembea kwa miguu, mizigo kichwani, na wengi sana walikufa kwa maradhi na chakula kibovu. Siku hizi mzigo wa Kariakoo huenda kwa lori. Mpagazi alitembea mno akala kidogo. Dereva anakula vizuri, lakini hatembei.

Mtazame jioni, lori likipakiwa. Wengine wanabeba, utingo anafunga turubai. Dereva ameketi, ana sahani ya chipsi mayai na chupa ya soda. Usiku anaondoka kwenda Tunduma, mpakani mwa Zambia, mwendo wa zaidi ya kilometa 900. Njia nzima amekaa kitini.

Akifika Vigwaza, lori linapanda mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 hairuhusu gari na mzigo wake kuzidi tani 56. Gari limepimwa. Je, dereva amepimwa na nani?

Anaweza kujipima mwenyewe kwa kamba, kama ile ya turubai lakini nyembamba. Vua viatu, simama wima ukutani. Mwenzako apime kamba toka kisigino mpaka utosini, aikate. Sasa ikunje mara mbili, zikutanishe ncha zake. Izungushe tumboni, juu kidogo ya kitovu. Toa pumzi kama kawaida. Usivute tumbo ndani, maana unajidanganya mwenyewe. Kamba ikizunguka tumbo lote, vema. Isipofika, tumbo limezidi nusu ya urefu wako, na hiyo ni taa nyekundu. Mtu mwenye urefu wa sentimeta 170, tumbo lake lisifike 85.

Kwa nini tumbo linakua? Chakula ni kama dizeli. Lori lililosimama halichomi dizeli, na tangi likijaa, dizeli humwagika. Mwili haumwagi. Kinachozidi unakigeuza mafuta na kukiweka akiba, hasa tumboni. Chupa moja ya soda ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Hesabu chupa za safari nzima!

Wako wanaosema kitambi ni alama ya fedha. Hayo waachie wenyewe. Kitambi huleta shinikizo la damu na kisukari, na shinikizo la damu halina maumivu mpaka limekwisha kuharibu moyo au ubongo. Tena kuna jambo ambalo madereva hawalijui sana. Mafuta yakijaa shingoni, koo huziba usingizini. Mtu anakoroma, pumzi inakatika, anashtuka, analala tena. Na hivyo usiku kucha bila yeye kujua. Asubuhi anasema amelala, kumbe hakulala. Mtu huyo ndiye anayeteremka mlima Kitonga na tani 50 nyuma yake, macho yakimfunga. Mke ndiye anayesikia mkoromo huo. Amwambie mumewe, naye aende hospitali aeleze.

Hatuwezi kumwambia dereva alale saa mbili usiku. Tajiri anataka mzigo ufike. Lakini kituoni anachagua mwenyewe. Badala ya chipsi, aombe ugali kiasi, maharage, samaki au dagaa, na mboga za majani nyingi. Soda aiache, anywe maji. Wengine huogopa maji kwa sababu ya kusimama njiani kukojoa. Basi wasimame, miguu inyooke. Kupiga magurudumu kusiwe kazi ya utingo peke yake. Dereva naye azunguke lori, tena kwa haraka, mara kadhaa. Mwili wa mtu mzima unataka mwendo wa nusu saa kwa siku, siku 5 kwa juma.

Na wewe uliyekwisha kuandikiwa dawa za presha, usihesabu dawa kwa siku za safari tu. Foleni ya Tunduma huweza kula siku kadhaa. Chukua za kuzidi, uziweke mbali na joto la injini.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja aje darasani na kamba ya urefu wake, iliyokunjwa mara mbili. Wanawake pia. Mwalimu naye ataleta yake.