Ridhaa ya Baba: Kifungu Kinachomwacha Mzee Peke Yake Mlangoni

Kuna ubishi mmoja ambao hauishi kwenye vimbweta vyetu. Huyu atasema, "Wazazi waachwe walee watoto wao, serikali isiingie sebuleni kwa mtu." Yule atajibu, "Umri wa ndoa uwe miaka 18 kwa wote, basi." Sauti zinapanda, chai inapoa. Ila ukiuliza nani kati yetu amekisoma kifungu chenyewe, watu wanaanza kutafuta madaftari yao.

Mimi nasomea ualimu, si sheria. Nimekisoma kwa sababu kilifika nyumbani kwetu Miburani, kisiwani Mafia, kikiwa kinywani mwa wageni. Nitaeleza kinasema nini, kilifikaje mahakamani, na kwa nini naona mtu mwenye msimamo wa kihafidhina, yule anayeamini kwa dhati kwamba baba ni kichwa cha nyumba, ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kutaka kibadilishwe.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ndoa ilitungwa mwaka 1971. Kabla yake ulitoka Waraka wa Serikali Na. 1 wa mwaka 1969 wenye mapendekezo ya kuwa na sheria moja ya ndoa. Kazi haikuwa ndogo. Ndoa za kanisani, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali zote zilitakiwa ziingie chini ya paa moja, na kila upande ulikuwa na lake. Kwa hiyo ukiisoma sheria ile utaona alama za maelewano kila mahali.

Kifungu cha 13 kinaweka umri wa chini wa kuoa au kuolewa: mwanamume miaka 18, mwanamke 15. Mahakama inaweza kuruhusu hata aliyefika 14, kukiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 ndicho kinachomhusu baba. Kinasema msichana ambaye hajafika miaka 18 lazima apate ridhaa ya baba yake kabla ya kuolewa. Baba akiwa amefariki, ridhaa inatoka kwa mama. Wote wakiwa hawapo, anatoa mlezi.

Hapo kuna mambo matatu ya kuangalia vizuri. La kwanza, mama aliye hai hana neno kisheria maadamu baba yupo. La pili, kuna kifungu cha 16 kinachotaka wanaooana wenyewe wakubali kwa hiari yao. Maana yake baba haozeshi. Baba anaridhia tu jambo ambalo binti mwenyewe anatakiwa awe amelikubali. La tatu, ambalo sikulisikia hata siku moja vimbwetani: baba akikataa, mahakama inaweza kuliweka pembeni lile katazo lake ikiona amekataa bila sababu ya msingi. Yaani lile "neno la mwisho" la mzee tunalolipigania, tangu mwanzo halikuwa la mwisho.

Kesi ilivyokwenda

Mwaka 2016 mwanasheria Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa shirika la Msichana Initiative, alifungua shauri Mahakama Kuu akipinga vifungu vya 13 na 17. Hoja yake kubwa ilikuwa usawa: kwa nini mvulana alindwe mpaka 18 na msichana aachiwe akiwa na 15? Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye, ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha.

Serikali ikakata rufaa. Kati ya hoja zake ilikuwamo ile tunayoisikia kila siku, kwamba sheria ilitungwa kwa kuzingatia mila na dini za wananchi. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali rufaa hiyo. Mahakama ilikwishasema. Ila kuandika maneno mapya ya sheria ni kazi ya Bunge, na ule mwaka mmoja ulipita bila maneno hayo kuandikwa.

Jirani zetu wa Kenya, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, waliweka miaka 18 kwa mwanamume na mwanamke. Nao wana makanisa, wana misikiti, wana mila.

Pengo ambalo walimu watarajiwa tulijue

Mtu atasema, "Lakini si kuna ile sheria ya miaka 30 jela?" Ipo. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilifanyiwa marekebisho. Anayemuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30, na anayesaidia kuifanikisha ndoa hiyo, awe mzazi au mshenga, naye ana kesi yake. Aidha, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na kifungu cha 11 kinampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

Sasa soma tena: anayelindwa na Sheria ya Elimu ni *mwanafunzi*. Je, aliyemaliza darasa la saba na hakuendelea? Je, aliyemaliza kidato cha nne Novemba akiwa na miaka 17? Matokeo yanatoka Januari na kidato cha tano kinaanza Julai. Wote tuliopita njia hiyo tunaijua ile miezi: hauko shuleni, hauko kazini, uko nyumbani unaosha vyombo na kusubiri. Kwa mvulana ni miezi ya kuzurura. Kwa msichana ni miezi ambayo kinga ya uanafunzi inakuwa na maswali, na kifungu cha 17 kinarudi mlangoni.

Kwetu kilirudi namna hii

Mzee wangu ni fundi seremala. Alihamia Mafia kutoka bara kabla sijazaliwa, akakaa. Wakristo kisiwani ni wachache, kwa hiyo kanisa kwetu si la Jumapili tu. Ukiumwa, watu wa kanisani ndio wanaokuja na uji. Ukifiwa, ndio wanaochanga nauli ya boti mpaka Nyamisati. Majirani zetu Waislamu nao wako hivyohivyo, ila mambo ya posa na harusi kila mtu anayamaliza na watu wa imani yake.

Na mzee ni mhafidhina, yeye mwenyewe hafichi. Chakula hakiliwi kabla ya sala. Binti harudi nyumbani baada ya magharibi. Akisikia redioni mtu anazungumzia haki za watoto, anapunguza sauti na kusema, "Mtoto wangu nitamlea mimi, si waziri."

Mdogo wangu wa kike alimaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17. Kabla matokeo hayajatoka, wakaja washenga. Kijana mwenyewe alikuwa mtu wa heshima, mwenye biashara, wa kanisa letu, na alikuwa amemkopesha mzee mbao za kazi moja kubwa ambayo mwenye nayo alichelewa kulipa. Deni halikutajwa kikao kizima. Halikuhitaji kutajwa.

Mzee akasema binti bado mdogo, asubiri afike 18. Mshenga mmoja akatabasamu akamjibu kwa adabu zote: "Mzee wetu, sheria inakuruhusu wewe. Ukiridhia wewe, nani atasema kitu?"

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mlango, nikamwona baba yangu anatafuta jibu na halioni. Angesema "sheria hairuhusu", mazungumzo yangeishia pale, watu wangekunywa chai na kuagana wakiwa ndugu. Lakini sheria ilikuwa imempa yeye uamuzi, kwa hiyo kukataa kulikuwa kwake binafsi. Kulikuwa ni kumkataa mtu aliyemwamini kwa mbao, mbele ya wazee anaokaa nao benchi moja kila Jumapili.

Alikataa. Aliomba mwenyewe alisema hataki, mama akasema hataki, na mzee akasimama nao. Deni lile analilipa kidogo kidogo mpaka leo, na miongoni mwa waliokuja siku ile wapo ambao salamu zao zimepoa. Baada ya wageni kuondoka aliniambia sentensi moja: "Leo ningeitaka hiyo serikali iwe hapa mlangoni."

Hoja yenyewe

Wenzangu wa upande wa haki huwa wanawadharau watu kama mzee, na hapo wanakosea. Anachoogopa si cha kipuuzi. Anaogopa siku ambayo mzazi atabaki mlipa ada tu, na kila uamuzi kuhusu mwanaye utatoka ofisini. Hofu hiyo wanayo baba wengi, makanisani na misikitini, na mtu anayetaka sheria ibadilike bila kuzungumza nao atasubiri sana.

Lakini tuwaulize swali moja: kifungu cha 17 kinampa baba mamlaka, au kinampa mzigo? Mamlaka ni uwezo wa kulinda nyumba yako. Kifungu hiki kinafanya ulinzi wa binti utegemee mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kuwa na deni, anaweza kuwa mgonjwa, anaweza kuwa na aibu mbele ya wakubwa zake. Yeyote anayemtaka binti anajua mlango wa kugonga. Tajiri atagonga kwa mkopo, ndugu kwa lawama za ukoo, kiongozi kwa heshima ya cheo.

Umri wa miaka 18 haumwondolei baba nafasi yake. Binti akifika 18 bado posa italetwa kwa wazazi, bado mzee atauliza kijana ni wa nani na anaishije. Mila hizo hazikuandikwa na Bunge na hazitafutwa nalo. Kinachoondoka ni lile shinikizo la kumuuza mtoto kwa jina la ridhaa. Baba mwema atapata kitu cha kuegemea. Baba dhaifu atapata kisingizio kizuri. Na baba mbaya, maana wapo, atakosa karatasi ya kujifichia.

Sisi tufanye nini

Tukitoka hapa wengi wetu tutapangiwa shule za mbali. Mwalimu ndiye anayejua nani kamaliza kidato cha nne akiwa hajafika 18. Usimwage pale anapomaliza mtihani wa mwisho. Mpigie mzazi simu Desemba, muulize binti anafanya nini, mwambie kidato cha tano na vyuo vinaanza lini. Baba anayesikia mwanaye ana pa kwenda anapata jibu la kuwapa wageni.

Jueni pia kwamba Sheria ya Ndoa inataka notisi ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, na katika muda huo pingamizi linaweza kupelekwa. Makanisa yana desturi ya kutangaza ndoa kwa waumini kwa sababu hiyohiyo. Tangazo lile si mapambo ya ibada. Ni swali linaloulizwa kwa jumuiya nzima, na jumuiya inayonyamaza imeshajibu.

Na ninyi wenzangu wa kiume, miaka kumi ijayo tutakuwa sisi ndio tunaokaa kwenye kile kiti. Mabinti watakuwa wetu, washenga watakuja na adabu zao, na kati yetu watakuwamo wenye madeni. Siku ukibishana vimbwetani kuhusu kifungu cha 17, usijiulize tu serikali inaingia wapi. Jiulize, wewe ukiwa umebanwa, ungependa "hapana" yako iegemee wapi.