Safari ya kujitolea Ulaya: njia ya kweli iko wapi, na wizi unaanzia wapi?

Mama mumoja wa Kiwanja alifika kwenye redio yetu na karatasi mukononi. Mutoto wake wa kike amemaliza humanite, diploma ya Etat ameipata, na kuko mutu wa Goma mwenye alimwambia kwamba anaweza kumutuma Ujerumani mwaka mumoja kama volonteri. Lakini mbele ya yote, familia itoe dola 400 za kufungua dosie. Mama alikuja na swali moja tu: hii safari iko ya kweli ao ni wizi?

Jibu ni kwamba vyote viwili viko. Kuko vijana wa Afrika wenye wanaenda kujitolea Ulaya kwa njia ya sheria na wanarudi na maarifa. Na kuko familia zenye zimepoteza kila kitu. Kwetu mwenyewe, baba mudogo aliuzisha shamba juu ya safari ya namna hiyo. Mutu mwenye alichukua pesa alizima simu, na shamba halikurudi. Ndiyo maana tunaeleza jambo hili polepole.

Volonteri ni nani?

Volonteri si mufanyakazi wa mushahara, na si mwanafunzi wa chuo kikuu. Ni mutu anatoa wakati wake, mara nyingi miezi sita mpaka mwaka mumoja na zaidi, kusaidia mahali fulani: shule ya watoto wadogo, nyumba ya wazee, nyumba ya watu wenye ulemavu. Kwetu kazi hiyo si mugeni. Tunajua salongo, tunajua vijana wa Croix-Rouge. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini, toka mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, volonteri walipita nyumba kwa nyumba, na mahali pengine walifukuzwa na mawe. Tofauti hapa ni kwamba unatoka inje ya inchi.

Njia zenye zinajulikana

Ujerumani iko na sheria ya huduma ya kujitolea yenye ilianza tarehe 1 mwezi wa saba 2011, kisha inchi kusimamisha huduma ya lazima ya jeshi. Wanaiita Bundesfreiwilligendienst. Mugeni pia anaweza kuifanya, kama amepata nyumba ya kumupokea na viza. Kuko tena programu ya serikali yao yenye inaitwa weltwärts. Ilianza mwaka 2008 kwa kutuma vijana wa Ujerumani kwenye inchi kama zetu. Toka 2013 ikafungua mulango wa pili: vijana wa Kusini waende Kaskazini. Hiyo ni ya vijana wa miaka 18 mpaka 28.

Kwetu, njia yenye iko karibu ni ya makanisa. CBCA, yenye ofisi kubwa yake iko Goma, ni memba wa umoja wa makanisa wenye unaitwa UEM. Kikao chake kiko Wuppertal, Ujerumani, na unaunganisha makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani. UEM iko na programu ya kubadilishana vijana pande zote. Kwa njia hiyo, kijana hachaguliwe na mutu wa barabarani. Anapita kwa viongozi wenye wanamujua, wenye wanajua wazazi wake na kazi yenye amekwisha kufanya bure mu kanisa ao mu kartie.

Umoja wa Mataifa nayo iko na volonteri wake, toka mwaka 1970, na ofisi kubwa iko Bonn. Kujiandikisha kwao hakulipwe hata franga moja.

Nani analipa?

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mu programu za kweli zenye tumetaja, kijana hanunue nafasi. Kwa weltwärts, pesa za ndege, bima na mafunzo zinatoka kwa programu na kwa wale wenye wanamupokea. Kule anapata mahali pa kulala, chakula ao pesa ya chakula, bima ya ugonjwa, na kitu kidogo cha mufukoni. Kwa huduma ile ya 2011, sheria inaweka kipimo chenye hakiwezi kupita. Mu mwaka 2025 kilikuwa euro 644 kwa mwezi, na nyumba nyingi zinatoa chini ya hapo.

Familia inaweza kutoa pesa ya vitu vya kawaida: picha, pasipoti, kusafiri kutafuta makaratasi. Lakini hizo unalipa kwenye ofisi yenyewe na unapewa risiti.

Njia ndefu ya Kinshasa

Kwa mutu wa Rutshuru, makaratasi ndiyo mulima. Lazima pasipoti yenye haijapita wakati, diploma, cheti cha kuzaliwa, barua ya nyumba yenye inamupokea, na kontra yenye imetiwa sahihi. Mara nyingi wanauliza pia Kijerumani cha mwanzo, chenye wanaita A1 ao A2. Kigali kuko Goethe-Institut, na wengine wanajifunza kwa simu.

Kisha, viza ya kukaa zaidi ya miezi tatu inaombwa kwenye ambasadi, na kijana anafika yeye mwenyewe. Toka Goma mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1500 kwa ndege, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa mwezi wa kwanza 2025. Banki za Goma pia zilifunga. Kwa hiyo mutu anavuka mupaka, anazunguka kwa inchi jirani, ndipo anapanda ndege kwenda mu kapitali ya inchi yake mwenyewe. Kijana wa Kiwanja anahitaji kuanza mwaka muzima mbele. Mutu mwenye anakuahidi viza mu wiki mbili, huyo hajui kazi ao anadanganya.

Maisha kule

Kitu cha kwanza ni baridi na giza. Sisi tuko karibu na ekweta, jua linazama karibu saa ile ile mwaka muzima. Kule, mu mwezi wa kumi na mbili, saa kumi na nusu jioni giza limeingia. Mu mwezi wa sita, saa ine usiku mwangaza ungali. Mwili unachoka bila kujua sababu.

Kitu cha pili ni kazi yenyewe. Kijana anaweza kuambiwa amuogeshe muzee, amulishe, amubadilishie nguo. Kwetu muzee anatunzwa na wajukuu mu nyumba, kule wengi wanakaa mu nyumba za wazee. Mwenye alifikiri anaenda kukaa mu ofisi atashangaa. Dakika tano za kuchelewa ni kosa. Na kuko siku utatazamwa vibaya juu ya rangi yako. Ni vizuri kijana ajue mbele, na ajue kwamba kuko mutu wa kumwambia: sheria inaomba volonteri afuatwe, na kwa mwaka mumoja anapata siku 25 za seminari, mahali anakutana na wenzake.

Kitu cha tatu ni sisi wenyewe. Kijana akifika tu, simu zinaanza: karo ya mudogo wake, matanga, mabati ya nyumba. Familia inafikiri ametajirika, kumbe iko na pesa ya tikiti ya basi na chakula. Wazazi, muongee mbele ya safari. Muambiane wazi kwamba mwaka ule si wa kutuma pesa. Wengine, kwa kuogopa kuonekana wabaya, wanaacha kazi na kutafuta kazi za kificho, na pale makaratasi yao yanaharibika.

Alama za hatari

Ukiona moja ya hizi, simama:

– Wanaomba pesa kwa namba ya simu ya mutu, bila risiti ya ofisi.
– Hawataji jina la nyumba yenye itakupokea, wala kazi yenye utafanya.
– Kontra haiko, ao iko mu luga yenye hauelewe.
– Wanataka pasipoti yako ibaki kwao.
– Wanakuharakisha: leo ao nafasi imepotea.
– Wanakukataza kuambia wazazi ao pasta.

Na kuwa bure peke yake si alama ya usalama. Mu mwezi wa kumi 2024, shirika la habari Associated Press lilionyesha ginsi wasichana wa Afrika, wengine wa Uganda na Rwanda, majirani wetu, walivutwa na matangazo ya mu intaneti kwenda Tatarstan, Urusi. Waliahidiwa kazi na masomo, na tikiti ya ndege ya bure. Walipofika, wengi walijikuta mu kiwanda cha kutengeneza drone za vita, na wengine walilalamika juu ya dawa zenye ziliwaunguza ngozi. Swali la kuuliza si bei tu. Uliza: nitafanya nini, kwa nani, na nani kwetu anawajua?

Kisha mwaka mumoja

Viza ya volonteri iko na mwisho. Kuko wenye wanapata, kwa njia ya sheria, kuendelea na masomo ya kazi, kwa mufano ya uuguzi. Lakini mupango wa kwanza ni kurudi. Mwenye anarudi na luga mupya, na maarifa ya kutunza wagonjwa ao watoto wenye ulemavu, anaweza kuyatumia hapa, mahali yanahitajika sana.

Tulisoma ile karatasi ya mama pamoja naye. Hakukuwa jina la nyumba ya kupokea, hakukuwa kontra, kulikuwa namba ya simu tu ya kutuma dola 400. Alikunja pesa yake mu kitenge, akarudi nayo nyumbani. Binti yake hakufurahi siku hiyo. Lakini alirudi kutuuliza ni wapi anaweza kuanza kusaidia hapa hapa, juu ya kuwa na kitu cha kuonyesha siku njia ya kweli itafunguka. Na wewe, kama uko na karatasi ya namna hiyo, usomeshe kwanza mutu mwenye unamuamini, mbele ya kutoa hata franga.