Hatua mbili, mapigo sita

Mtoto aliyekulia Kibiti analijua onyo la mama: usiufuate mdundiko. Ngoma hii haitulii uwanjani, hutembea. Hutoka kwa wenye shughuli, mara nyingi mwali anapotolewa nje, ikashika barabara huku watu wakiongezeka nyuma yake. Mtoto hushtuka yuko mtaa asioujua, jua limezama.

Mvuto huo unahesabika. Hesabu moja hadi sita, sawasawa, kisha rudia bila kusita. Mkono wa kushoto ugonge meza kwenye moja na nne. Wa kulia kwenye moja, tatu na tano. Mwanzoni mikono itagombana, vumilia. Ikishapatana utasikia mwendo wa mbili na mwendo wa tatu ukienda pamoja ndani ya mapigo yaleyale sita. Huo ndio msingi wa ngoma nyingi za Pwani yetu, chakacha ikiwamo. Ngoma ya vumi, yenye sauti nene, ikishika mwendo mmoja, makofi huvuta upande wa pili, na ngoma ya chapuo hujaza katikati. Mbili ni ya miguu: kushoto, kulia. Kila hatua inabeba mapigo matatu, ndiyo maana mtu hutembea huku mabega na kiuno vikicheza.

Waingereza nao wanayo sita yao. Mwaka 1651 John Playford alichapisha London kitabu cha ngoma za vijijini, zaidi ya 100, pamoja na noti na maelekezo ya kucheza. Chukua wimbo wa baadaye, wa karne ya 18, Haste to the Wedding, ambao jina lake linawahimiza watu wawahi harusini. Kila kipimo kina mapigo sita, yamegawanywa matatu matatu, na fidla inaruka juu ya hatua bila ule ugomvi wa mikono. Una sehemu mbili, kila moja hupigwa mara mbili, jumla vipimo 32. Sehemu ikiisha, mchezaji hujua kwa sikio kwamba sasa anageuka. Wimbo ndio unaoamuru.

Mdundiko hauna 32. Huamuru mwimbishaji na sogora wake. Wakiona watu wamepoa, sogora hubadili mkono na waitikiaji hupandisha sauti. Kiitikio hurudiwa kadiri njia ilivyo ndefu. Kwa hiyo huniuma tunapourekodi kwa dakika 4 studioni tukadhani tumeuhifadhi. Njia tumeiacha nje.

Ukishuka kuelekea Nyamisati, kwenye mikoko ya delta, unyevu hulegeza ngozi za ngoma. Ngozi ikilegea, chapuo na vumi hufanana sauti, na zile sita hazisikiki tena moja moja. Basi huwashwa kwanza moto wa makuti. Fundi huielekeza ngozi kwenye joto, huigonga kwa kidole, husikiliza, huirudisha tena. Msafara hauondoki mpaka chapuo ilie kwa ukali.