Kuombea amani ni kujifunga

Anayehudhuria Misa Nsemulwa, au penginepo mjini Mpanda, husikia amani ikiombwa tena na tena kabla ya Komunyo. Padre huiomba mara baada ya Baba Yetu, huirudia akikumbuka ahadi ya Kristo kwa mitume, waamini hutakiana amani, na wimbo wa Mwanakondoo wa Mungu huishia kwa ombi hilohilo. Makanisa mengine yana taratibu zao, lakini ombi hilo halikosekani. Kwa kuwa tumelizoea, ni rahisi kudhani tunachosema ni kwamba Mungu atuepushe na vita, nasi tuendelee na shughuli zetu. Maandiko yanamdai mwombaji zaidi ya hapo.

Tuanze na sura ya 29 ya kitabu cha Yeremia. Ni barua kwa Wayahudi waliochukuliwa mateka hadi Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. Nabii Hanania alikuwa akitangaza kwamba uhamisho huo ungekwisha ndani ya miaka miwili. Yeremia akawaandikia kinyume chake: wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, tena wautafutie mji ule amani na kuuombea, kwa kuwa ukistawi nao watastawi. Mji wenyewe ulikuwa wa watu waliowateka. Kutafuta na kuomba vimewekwa katika agizo moja. Hakuna aliyeruhusiwa kuchagua kimoja.

Mkoa wa Katavi, ulipo mji wa Mpanda, unaielewa barua hiyo bila mfasiri. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Walifyeka pori, wakalima mahindi na mihogo, wakajenga makanisa na shule. Mkristo wa Katumba alikuwa na nchi mbili za kuombea: ile aliyoikimbia na ile iliyompokea. Mwaka 2007 Serikali iliwapa nafasi ya kuchagua kurudi Burundi au kuomba uraia, na kufikia 2014 zaidi ya 160,000 wa makazi hayo mawili na Ulyankulu ya Tabora walikuwa wamekubaliwa kuwa Watanzania. Agizo la Yeremia kwao lilikuwa mahindi ghalani na watoto darasani.

Amani ya Burundi nayo haikushuka yenyewe. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki asiyekosa Misa, aliongoza mazungumzo ya Arusha hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Nelson Mandela akayapokea, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Hata hivyo mapigano yaliendelea kwa miaka kadhaa. Aliyeombea Burundi amani alikuwa anaomba, apende asipende, kwamba ndugu zake wakae meza moja na watu waliowaua jamaa zao.

Hapo ndipo sala hii inapouma. Katika sura ya 5 ya Mathayo, Yesu anaagiza adui aombewe, naye hasemi tusubiri kwanza atubu. Tarehe 30 Aprili 1997, wavamizi waliingia seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wale walikataa kutengana, na 40 wakauawa. Walikuwa wamelelewa kusali na kula pamoja, na siku ya kuulizwa, malezi hayo yalijibu.

Kwetu mtihani huwa mdogo zaidi, ila ni wa kila siku. Ng'ombe wameingia shambani. Mpaka wa kiwanja umesogezwa. Bibi mzee ananong'onwa kuwa mchawi, na kuna wanaotaka lambalamba, mganga anayedai kuwatambua wachawi, aitwe amfichue. Sura hiyohiyo ya Mathayo inasema aliyefika madhabahuni akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale, akapatane kwanza. Tuangalie vizuri: anayetumwa ni yule anayelalamikiwa. Kwa hiyo mfugaji aliyelisha shamba la mwenzake hawezi kutoa nia ya kuombea amani ya taifa kabla hajaenda kulipa mahindi ya watu.

Vipi kuhusu watawala? Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, unaagiza wafalme na wenye mamlaka waombewe ili watu waishi kwa utulivu. Wakristo wa kwanza walilitii agizo hilo chini ya watawala wasioijua imani yao. Mnamo mwaka 197, Tertuliano wa Karthago aliandika kwamba Wakristo wanamwombea Kaisari, ila hawawezi kumwita mungu. Kumwombea kiongozi, basi, hakumaanishi kuyabariki yote anayotenda. Yeremia huyohuyo, katika sura ya 6, anawakemea makuhani na manabii wanaotangaza amani ambayo haipo huku jeraha la watu likifunikwa juujuu. Sala ya amani inayotumika kumnyamazisha aliyedhulumiwa iko upande wa manabii hao.

Jumuiya ndogondogo ikikutana juma hili, inaweza kuipima sala yake kwa maswali matatu. Je, tumemtaja mbele za Mungu yule tusiyesemezana naye? Je, tumeitaja dhuluma yenyewe, iwe ya ardhi, ya mirathi au ya haki ya raia, au tumesema tu "amani" tukapita? Na nani kati yetu atakwenda kwa nani, lini? Kikao kikifungwa bila jibu la swali la tatu, kazi ya sala ile bado iko mikononi mwetu.