Matembezi kwa Miguu Katika Nchi ya Mawe

Wasikilizaji, jioni hii sitawasimulia habari za nchi za mbali. Nataka kuwaeleza matembezi ya miguu ambayo mtu akaaye Butimba, au mahali po pote katika mji wa Mwanza, aweza kuyafanya kwa siku moja, akipanda daladala asubuhi na kurudi kwa daladala jioni. Sababu iliyonisukuma ni hii. Mwaka mmoja nalikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa ualimu habari za miamba. Kijana mmoja alisimama akaeleza vizuri sana jinsi mwamba unavyopasuka na kumomonyoka, neno kwa neno kama kitabu kilivyosema. Nikamwuliza, "Na lile jiwe lililo nje ya dirisha ni la namna gani?" Akalitazama kitambo, akanijibu, "Lile, Mwalimu, ni jiwe tu." Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana baada ya miezi sita kijana yule angekwenda kufundisha watoto wa watu.

Basi na tuanze na jiwe lile. Mawe ya Mwanza ni ya itale, ambayo wengi huiita graniti. Zamani mno, zaidi ya miaka milioni elfu mbili na mia tano iliyopita, yalikuwa uji wa moto chini kabisa ya ardhi. Uji ule ulipoa polepole, ndiyo sababu chembe zake ni kubwa hata waweza kuziona kwa macho, nyeupe, za kijivu, na nyeusi zing'aazo. Kisha nchi iliyokuwa juu yake ikaliwa na mvua na upepo, hata mzigo ule ulipopungua mwamba ukapasuka nyufa, nyingine za kusimama, nyingine za kulala, mfano wa matofali. Maji yakaingia nyufani. Yafikapo pembeni pa jiwe, huligusa kwa pande mbili au tatu pamoja, na kwa hiyo pembe huliwa kwanza; tofali likawa yai. Mwisho udongo laini ukachukuliwa na maji, mawe yakabaki yamekaa moja juu ya mwenziwe. Wageni watazamapo Jiwe la Bismarck pale ziwani huuliza ni nani aliyeyapandisha mawe yale. Hakuna aliyeyapandisha, udongo ndio ulioshuka.

Matembezi ya kwanza ni ya jirani zetu wa Butimba, nami nayapenda kuliko yote. Panda daladala iendayo kusini kwa barabara ya Shinyanga, ushuke Nyegezi Kona, ukaishike njia ya kulia iendayo Malimbe. Utapita Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichopata cheo cha chuo kikuu mwaka 1998, kisha uendelee mbele mpaka Luchelele. Hapo nyumba hupungua, vilima vya mawe hukaribia maji, na ng'ambo ya ghuba yaonekana nchi ya Sengerema. Usiende kwa haraka. Juu ya mawe yenye jua utamwona mjusi dume mwenye kichwa chekundu cha waridi na mwili wa samawati, akiinamisha na kuinua kichwa kama mzee akubaliye shauri. Wataalamu wamempa jina la Kilatini litokanalo na mji wetu, Agama mwanzae, nalo alipewa mwaka 1923. Ukiona michirizi myeupe ubavuni mwa jiwe, jua ya kuwa pimbi wakaa pale, maana ile ni alama ya mikojo yao ya miaka mingi. Pimbi ni mdogo kama sungura, walakini wataalamu husema ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva.

Sasa neno la kweli juu ya maji. Mtu aliyetembea saa mbili juani, akifika ufukoni Luchelele, moyo wake wamwambia avue viatu aingie. Asiingie. Katika maji mafupi yenye majani hukaa konokono wadogo, na ndani yao hukua vijidudu vya kichocho. Jua likiwa kali, hasa karibu na saa sita mchana, vijidudu hivi hutoka kwa konokono kwa wingi, vikaogelea vikimtafuta mtu, navyo hupenya ngozi yake kwa dakika chache tu bila jeraha. Baadaye hukaa katika mishipa ya damu, na mayai yao huumiza utumbo na ini. Mayai mengine hutoka kwa choo kikubwa, yakifika ziwani huanguliwa, na vijidudu vitokavyo humo huwaingia konokono tena, na mzunguko huanza upya. Dawa iko, nayo ni nzuri, lakini aliyepona akirudi majini hupata tena. Kwa hiyo chukua maji yako ya kunywa kutoka nyumbani, lita mbili kwa kila mtu, na ziwa ulitazame.

Pana hatari nyingine, nami naisema kwa aibu, maana kosa lilikuwa langu. Mwezi wa Novemba naliwapeleka wanafunzi kumi na wanne katika vilima vile, tukaondoka Butimba tumechelewa, saa nane mchana. Tulipokuwa juu ya mwamba mtupu wingu jeusi likasimama. Naliona umeme, nikajidanganya ya kuwa u mbali, nikamaliza maelezo yangu. Mvua ikatukuta tungali juu. Itale iliyolowa huteleza kama sabuni. Binti mmoja akaanguka, kifundo cha mguu kikateguka. Wenzake wakambeba kwa zamu. Tulipofika barabarani giza lilikuwa limeingia, na gari zilizopita zilijaa watu hata mlangoni. Tulifika nyumbani saa tatu za usiku. Binti yule hakunilaumu hata neno moja, jambo ambalo lilinichoma zaidi kuliko kama angenilaumu.

Tangu siku ile nahesabu saa kinyumenyume. Jua huku huzama karibu na saa moja. Nasema, saa kumi na moja lazima tuwe kituoni. Natoa mwendo wa kurudi. Natoa saa moja nyingine kwa ajili ya mguu wa mtu asiyejiweza. Na hapo ndipo nijuapo tuondoke saa ngapi. Na juu ya radi nawafundisha hesabu hii: uonapo mwanga, hesabu taratibu mpaka usikie ngurumo. Sauti huenda kilomita moja kwa nukta tatu hivi. Ikiwa hukufika thelathini, radi iko karibu. Shuka mara moja, wala usijifiche chini ya mti uliosimama peke yake. Miezi iliyo bora ni Juni mpaka Agosti, wakati wa kiangazi.

Matembezi ya pili hayataki mwendo mrefu. Shuka mjini, upande kilima cha Isamilo kwa miguu. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa amemwacha mwenzake Burton mgonjwa huko Kazeh, yaani Tabora, alisimama juu ya kilima upande huu akaliona ziwa limeenea mbele yake, akasadiki ya kuwa ndilo chimbuko la Naili. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakilivua samaki siku zote, na kwao halikuwa limepotea. Lakini jambo moja la Speke napenda kuwaonyesha wanafunzi. Alipima kimo cha nchi kwa kipimajoto kilichotiwa katika maji yanayochemka, kwa kuwa kadiri mtu apandavyo juu maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Alipata futi 3,740. Vipimo vya sasa vyasema ziwa li mita 1,134 juu ya bahari, yaani kama futi 3,720. Kwa sufuria na moto wa kuni, hakukosea sana! Mwalimu mwenye kipimajoto aweza kufanya vile vile mbele ya darasa lake. Hapa kwetu maji huchemka karibu na digrii 96.

Ole wetu, kila mwaka nyumba zapanda juu zaidi katika vilima vya mji, na vijia naliyoyapita nikiwa kijana vingine vimeishia ukutani pa mtu. Bisha hodi, uombe njia. Mara nyingi utapewa, pengine na maji ya kunywa.

Matembezi ya tatu ni ya kwenda Bujora. Panda gari la barabara ya Musoma kupita Igoma, ushuke Kisesa. Toka hapo ni mwendo mfupi. Padre David Clement, mtu wa Quebec, alianza kazi huko katika miaka ya 1950, akajenga kanisa kwa namna ya nyumba za Kisukuma na kukusanya vitu vya kale, ambavyo leo vimo katika Makumbusho ya Wasukuma. Jengo la ngoma za watemi limejengwa mfano wa kiti cha enzi. Ukienda mwezi wa Juni, wakati wa Bulabo, utawakuta Bagika na Bagalu wakishindana kucheza, na wengine wakicheza na nyoka. Siku hiyo usitumaini kurudi mapema, na nafasi garini ni ya kugombea.

Kwa wale wenye miguu ya kuzeeka nasema hivi. Pandeni gari la Usagara, kisha la Kigongo. Zamani watu walingoja kivuko hapo kwa saa nyingi, na wagonjwa pamoja nao. Tangu Juni 2025 pana daraja la kilomita tatu mpaka Busisi. Mimi nalikwenda na mama yangu mzazi, tukashuka, akalitazama kitambo kirefu, kisha akaniuliza gari la kurudi laondoka saa ngapi.